Wahungaria wa Louisiana na Nyumba Yao ya Kumbukumbu



Somo letu la leo linahusu kutunza kumbukumbu za watu waliohama kwao. Tumechukua mfano wa Wahungaria waliohamia Marekani, hasa wale wa jimbo la Louisiana. Tumewachagua kwa sababu walikuwa wakulima na vibarua, watu wa jembe na shoka. Hakuna aliyewajengea sanamu. Kumbukumbu zao zimetunzwa na watoto na wajukuu wao wenyewe.

Kwanza tutaona walikotoka. Kisha tutaona kijiji walichokianzisha, jinsi lugha yao ilivyopungua, na kazi inayofanyika katika nyumba ya makumbusho. Soma polepole. Mwishoni kuna maana ya maneno na maswali ya kujadili.

WALIKOTOKA

Hungaria ni nchi iliyo katikati ya Ulaya. Haina bahari. Mji wake mkuu ni Budapest, na mto Danube unapita katikati ya mji huo. Wenyeji wake hujiita Magyar.

Lugha yao ni ya pekee katika sehemu hiyo. Majirani zao wanasema Kijerumani, Kiromania na lugha za Kislavi, lakini Kihungaria hakifanani na hizo. Ndugu zake wa mbali ni Kifini na Kiestonia, tena undugu wenyewe ni wa mbali sana.

Hebu tuone mambo machache ya lugha hiyo, maana yatatusaidia baadaye. Kihungaria kina neno moja tu, "ő", kwa mwanamume na kwa mwanamke, kama sisi tunavyosema "yeye". Kina neno la kaka mkubwa, "bátya", na neno jingine la ndugu mdogo wa kiume, "öcs". Mkubwa na mdogo hawachanganywi. Mzee wa kiume huitwa kwa jina lake na kuongezewa "bácsi". Mama mtu mzima huongezewa "néni". Mtoto hawezi kumwita mtu mzima jina tupu hivi hivi. Bila shaka wasomaji wetu hapo mnaelewa vizuri.

Jambo jingine ni majina. Mhungaria hutaja jina la ukoo kwanza, kisha jina lake mwenyewe. Akiitwa Kovács János, basi Kovács ni ukoo na János ni jina lake. Kovács maana yake mhunzi. Akifika Marekani, jina linageuzwa: mbele nyuma, nyuma mbele.

KWA NINI WALIONDOKA

Mwishoni mwa karne ya 19 Hungaria ilikuwa sehemu ya dola la Austria-Hungaria. Ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa makabaila. Mkulima mdogo alikuwa na kipande cha shamba. Akifa, watoto waligawana kipande hicho, na wajukuu wakagawana tena, mpaka hakikutosha kulisha mtu. Asiyekuwa na shamba kabisa alikuwa kibarua wa msimu, na msimu ukiisha, njaa.

Basi watu wakaondoka. Kabla ya vita vya mwaka 1914, watu zaidi ya milioni moja walitoka katika ufalme wa Hungaria kwenda Marekani. Si wote waliosema Kihungaria. Walikuwamo Waslovakia, Wajerumani, Waromania na wengine. Wengi waliingia katika migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma huko Pennsylvania na Ohio. Nia yao ilikuwa kufanya kazi miaka michache, kuweka akiba, na kurudi kwao kununua shamba. Wengi walirudi kweli. Wengine walibaki.

Katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, walikuwa wengi hata wakaanzisha gazeti lao mwaka 1891. Liliitwa Szabadság, maana yake Uhuru. Mtu aliyechoka kiwandani alisoma habari za kwao kwa lugha yake. Leo magazeti ya namna hiyo ni mali ya makumbusho, maana yanatuonyesha wahamiaji walivyoishi na walivyofikiri.

KIJIJI CHA ÁRPÁDHON

Sasa twende Louisiana, kusini mwa Marekani. Huko kuna joto, mvua nyingi na unyevunyevu. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na misitu mikubwa ya misonobari. Makampuni ya mbao yalikata miti, yakaacha ardhi imejaa visiki. Karibu na mahali paitwapo Albany palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Wahungaria wa kwanza walifika hapo mnamo mwaka 1896 kufanya kazi ya mbao. Wakaona kwamba ardhi iliyokwisha kukatwa miti inauzwa kwa bei ndogo. Wakanunua vipande vyao.

Fikiri, ndugu msomaji. Watu walioondoka kwao kwa kukosa ardhi sasa wamepata ardhi, lakini ni ardhi ya visiki. Iliwabidi wang'oe visiki kwanza, ndipo walime. Wakapanda stroberi. Haya ni matunda madogo mekundu, yanazaa chini karibu na udongo, na huchumwa kwa mkono moja moja. Yakiiva hayangoji. Kwa hiyo watu wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, waliingia shambani msimu wa kuchuma. Matunda ya sehemu hizo yalipakiwa katika treni na kuuzwa katika miji ya kaskazini.

Kijiji wakakiita Árpádhon. Árpád ni jina la kiongozi aliyewaongoza Magyar kuingia katika nchi yao mwishoni mwa karne ya 9. "Hon" maana yake ni nchi ya nyumbani. Mwaka 1896, Hungaria yote ilisherehekea miaka 1,000 tangu Magyar wafike. Hivyo wahamiaji wale, katikati ya visiki, waliipa ardhi yao mpya jina la mwanzo wa taifa lao. Baadaye watu wakazoea kusema kwa Kiingereza Hungarian Settlement, yaani makazi ya Wahungaria. Hutajwa kuwa makazi makubwa kuliko yote ya wakulima Wahungaria katika Marekani.

Walijenga makanisa, la Kikatoliki na la Kipresbiteri. Walifungua makaburi yao. Katika makaburi ya Wahungaria utaona jiwe limeandikwa "Itt nyugszik", maana yake "Hapa amepumzika". Walipika vyakula vyao kwa unga wa pilipili nyekundu iitwayo paprika. Pilipili asili yake ni bara la Amerika. Ilivuka bahari ikaenda Ulaya, ikawa chakula cha Wahungaria, kisha ikarudi Amerika ndani ya mizigo yao!

LUGHA ILIVYOPUNGUA

Kizazi cha kwanza kilisema Kihungaria nyumbani, kanisani na shambani. Kizazi cha pili kilisema lugha mbili. Kizazi cha tatu kilielewa maneno ya bibi, lakini kilijibu kwa Kiingereza. Kizazi cha nne kimebaki na majina ya vyakula, salamu na nyimbo chache. Ndivyo mambo yalivyokwenda katika makazi mengi ya wahamiaji, si ya Wahungaria peke yao.

Sababu ni nyingi. Katiba ya jimbo la Louisiana ya mwaka 1921 iliagiza kwamba shule za serikali zifundishe kwa Kiingereza. Mwaka 1924 serikali ya Marekani ilipitisha sheria iliyopunguza sana wageni kutoka Ulaya ya mashariki na kusini. Hapo wageni wapya wenye lugha mbichi wakawa wachache. Vijana nao walikwenda mijini kutafuta kazi, wakaoa na kuolewa na watu wasiojua Kihungaria.

Mwaka 1956 wananchi wa Hungaria waliinuka dhidi ya serikali yao, na majeshi ya Urusi ya Kisovieti yakawazima. Watu kama 200,000 walikimbia nchi. Zaidi ya 30,000 waliingia Marekani. Lakini wengi wao walikwenda mijini, kwenye viwanda na vyuo. Vijiji vya wakulima havikupata lugha mpya kwa njia hiyo.

SHULE ILIYOGEUKA MAKUMBUSHO

Wajukuu wa Árpádhon waliona wazee wanaondoka mmoja mmoja. Kila akizikwa mzee, yanazikwa na maneno. Wakaunda chama cha historia ya kijiji. Wakachukua jengo la shule yao ya zamani na kuligeuza kuwa nyumba ya makumbusho. Humo mna vitu vya nyumbani, vyombo vya kazi, nguo, picha na karatasi za familia.

Tazama jambo hili. Shule iliyowazoesha watoto Kiingereza, leo ndiyo inayotunza habari za Kihungaria. Wajukuu hawakuibomoa kwa hasira. Walielewa kwamba shule nayo ni sehemu ya historia yao.

Makumbusho ya namna hii huitwa makumbusho ya jamii. Tofauti yake na makumbusho makubwa ya taifa ni hii: wenye vitu, wenye kuvitunza na wenye kuja kuvitazama ni watu walewale. Hakuna mshahara mkubwa hapo. Mtu anajitolea siku yake, mwingine analeta mbao, mwingine anafagia.

KITU BILA HABARI ZAKE NI BUBU

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Watu wengi hudhani makumbusho ni kukusanya vitu vya zamani na kuvipanga. Wapi! Hilo ni ghala tu. Chungu kilichopasuka kipo kila mahali. Kinachokifanya chungu hiki kiwe urithi ni habari zake: nani alikinunua, alikitumiaje, alikiitaje, kwa nini hakukitupa.

Tuchukue mifano miwili ya Wahungaria.

Mfano wa kwanza ni picha. Nyuma ya picha ya zamani ya mwanamke pameandikwa "Kovács Jánosné". Mjukuu akisoma anafurahi, anasema, "Jina la bibi nimelipata!" Kumbe bado. Silabi ile "né" mwishoni maana yake ni "mke wa". Maandishi hayo yanasema "mke wa Kovács János", basi. Jina lake mwenyewe, alilopewa na wazazi wake, halimo. Ni sawa na picha iliyoandikwa "Mama Juma". Juma tunamjua, lakini mama mwenyewe aliitwa nani? Aliyevuka bahari, akang'oa visiki, akachuma stroberi, akazaa na kulea, amebaki bila jina. Kama yuko mzee anayelikumbuka, aulizwe leo. Kesho huenda hayupo, na hakuna kitabu kitakachojibu.

Mfano wa pili ni kijiji cha asili. Mwaka 1920, baada ya vita vya kwanza vya dunia, mkataba wa Trianon uliinyang'anya Hungaria karibu theluthi mbili za ardhi yake. Vijiji vingi vikaingia katika nchi nyingine, vikapata majina mapya. Mji ulioitwa Kassa kwa Kihungaria leo ni Košice, katika Slovakia. Kolozsvár leo ni Cluj-Napoca, katika Romania. Mjukuu anayemtafuta babu yake katika ramani ya Hungaria ya leo anaweza kutafuta mpaka achoke. Kwa hiyo mwenye makumbusho lazima aandike majina yote mawili, la zamani na la sasa. Akiandika moja tu, njia imekatika.

JINSI KAZI INAVYOFANYIKA

Sasa tujifunze hatua za kazi. Hatua hizi hufuatwa na makumbusho mengi, madogo kwa makubwa.

1. Kupokea. Mtu akileta kitu, kwanza ulizeni: ametoa au ameazima? Andikeni katika karatasi, naye atie sahihi. Magomvi mengi ya makumbusho huanzia hapa. Mzee alisema kwa mdomo "chukueni", akafa, watoto wakaja kudai. Karatasi moja ingemaliza maneno.

2. Kutia namba na kuandika katika daftari. Kila kitu kina namba yake. Kwa mfano, 2024.7.3 maana yake ni kitu cha tatu katika zawadi ya saba iliyopokelewa mwaka 2024. Namba huandikwa katika daftari na juu ya kitu chenyewe, mahali pasipoonekana sana. Nguo haiandikwi. Hushonewa kitambaa kidogo chenye namba.

3. Kuandika kadi. Tutunge mfano. Kadi mbaya inasema: "Sanduku la zamani." Kadi nzuri inasema: "Sanduku la mbao la kubebea stroberi. Lilitumika katika shamba la familia ya mtoaji. Watoto waliamka alfajiri kuchuma kabla ya kwenda shule. Limetolewa na binti wa mwenye shamba." Maneno ni machache, lakini sasa sanduku linasema.

4. Kuhoji wazee. Msiulize swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Usiseme, "Maisha yalikuwa magumu?" Sema, "Tueleze siku moja ya kuchuma, tangu kuamka mpaka kulala." Kisha nyamaza. Mwache mzee aende na njia yake. Maneno yake ya Kihungaria yaandikwe kama alivyoyatamka, ndipo tafsiri ifuate. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kurekodi sauti. Lakini rekodi isiyo na jina la msemaji, tarehe na mahali ni bubu vilevile.

5. Kutunza. Adui wa nguo ni jua, unyevu na nondo. Kitambaa chenye tarizi kikianikwa dirishani, rangi hufifia na hairudi. Kikikunjwa mahali palepale miaka mingi, hukatika kwenye mkunjo. Ni afadhali kukizungushia bomba safi. Karatasi iliyochanika isibandikwe tepu ya gundi, maana gundi hugeuka rangi na kula karatasi. Nyuma ya picha tumieni penseli laini, ukingoni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja.

6. Kuweka nakala mahali pengine. Mwezi wa Agosti 2016 mafuriko makubwa yaliikumba wilaya ya Livingston, ambamo makazi haya ya Wahungaria yamo. Agosti 2021 kimbunga Ida kikapiga sehemu hizohizo za Louisiana. Katika nchi ya namna hiyo, daftari likiwa moja na nyumba ikiwa moja, usiku mmoja unaweza kumaliza kazi ya miaka. Nakala iwe katika mji mwingine, mahali palipoinuka.

UGOMVI MMOJA WA MAANA

Liko jambo ambalo kila makumbusho ya wahamiaji hukutana nalo. Je, yaonyeshwe mazuri tu? Tarizi zinavutia. Ngoma ya csárdás inavutia. Karamu ya mavuno, ambapo matunda hutundikwa juu na anayeiba akikamatwa hutozwa faini kwa mzaha, inavutia pia. Wageni hupenda hayo, na makumbusho huhitaji wageni.

Lakini wajukuu wakionyeshwa sherehe peke yake, watadhani babu zao waliondoka Hungaria kwa ajili ya kucheza ngoma. Ziko pia habari za njaa ya kwao, mgongo uliovunjika kwa visiki, mtoto aliyekatishwa shule kwa sababu ya msimu, barua iliyosema mama amekufa miezi mitatu iliyopita. Sisi tunaona kwamba jembe liwekwe karibu na nguo ya sherehe. Mgeni akiviona pamoja, ataelewa kwamba nguo ile ilishonwa na mkono ulioshika jembe.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, wengi wa wahamiaji wale walipenda kuandika barua, lakini wengine hawakujua kusoma wala kuandika. Walitia alama mahali pa sahihi. Habari zao tunazipata tu pale ambapo mtu mwingine aliandika kwa niaba yao. Wewe leo unajua kuandika. Nyumbani kwako kuna mzee, na mzee ana majina ambayo hayako popote. Daftari moja na penseli vinatosha kuanza.

MAANA YA MANENO

Kabaila: mtu mwenye ardhi kubwa inayolimwa na wengine.
Kizazi: watu wa rika moja katika ukoo, wazazi ni kizazi kimoja, watoto ni kizazi kingine.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Nakala: maandishi yanayofanana na yale ya kwanza.
Tarizi: mapambo ya uzi yaliyoshonwa juu ya kitambaa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Wahungaria wengi waliondoka kwao kabla ya mwaka 1914?
2. Taja sababu mbili zilizopunguza lugha ya Kihungaria huko Louisiana.
3. "Kovács Jánosné" maana yake nini? Kwa nini jina hilo halitoshi?
4. Je, mnakubali kwamba makumbusho yaonyeshe na mambo ya huzuni? Kila mmoja atoe sababu.
5. Zoezi: chagua kitu kimoja cha zamani nyumbani kwako. Andika kadi yake kwa sentensi tano. Kabla ya kuandika, muulize mtu aliyekitumia.